Waliozaliwa Kabla ya Makabila Yao

Hali ilikuwa hivi. Ua wetu wa mtaa wa West Indies, mjini Eldoret, ulikuwa na milango sita iliyotazamana, mfereji mmoja wa maji, na sakafu ya saruji ambayo kila mwisho wa mwaka tuliimwagia magunia ya mahindi ili yapukuchuliwe. Nyuma ya mlango mmoja niliishi na nyanya yangu, mzaliwa wa Maragoli, aliyeletwa upande huu akiwa msichana kupalilia mashamba ya Wazungu, karibu na mji ambao leo unaitwa Moi's Bridge na ambao yeye hakuwahi kuuita hivyo. Mkabala wetu aliishi mwalimu mstaafu, Mnandi, ambaye aliwaachia wanawe shamba la Cheptiret, naye akabaki mjini karibu na magazeti. Mlango ulioelekea barabarani ulikuwa duka, na mwenye duka alikuwa mama kutoka Murang'a. Sote tulimwita Mama Duka.

Mwezi uliopita nilikwenda kuutazama ua huo. Pana ghorofa sasa. Kijana aliyelinda lango aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Kwani wewe ni kabila gani, mzee?" Nikamjibu kwa neno moja, akaridhika, akanifungulia. Sikumlaumu. Lakini nilipokuwa mtoto, rafiki yangu, swali hilo lilichukua jioni nzima kujibiwa, na jibu lake halikuwahi kufanana kwa siku mbili.

Jioni hizo zilikuwa za mahindi. Tuliketi juu ya magunia matupu, vidole gumba vikiuma, vumbi jepesi la punje likituingia puani, na magunzi tukiyatupa katika jiko la nyanya, yakawaka kwa moto mkali usiodumu. Mwalimu alileta maziwa lala katika kibuyu, ya rangi ya kijivu kwa ajili ya mkaa uliopakwa ndani, na sisi watoto tuligombania povu lake. Mama Duka alichelewa kufunga, kisha akaja na chai iliyochemka mpaka ikawa nyekundu. Wakishakaa hao watatu, utani ulianza.

"Mwalimu," nyanya alikuwa akimchokoza, "hebu waambie watoto, ulizaliwa ukiwa nani?"

"Nilizaliwa Mnandi, Mama. Huo Ukalenjin ulinikuta nina ndevu."

"Una bahati. Mimi Uluhya ulinikuta nina watoto wawili. Kabila langu lenyewe linapaswa kuniita Mama!"

Walicheka mpaka mahindi yakatawanyika. Na walisema kweli. Kalenjin ni neno la mtu anayetaka kusikilizwa, maana yake "nawaambia", na lilienea miongoni mwa vijana wa shule na katika redio mwalimu akiwa mtu mzima. Luhya, kama wengi wanavyoeleza, linatokana na mahali pa moto ambapo wazee wa ukoo walikutana. Waliolichagua walitaka jamii nyingi ndogo zijione kuwa za moto mmoja. Kabla ya hapo Wazungu wa shambani walimwita nyanya Mkavirondo, jina ambalo hakuna aliyemweleza maana yake, na ambalo asili yake ingali inabishaniwa hata leo.

Mama Duka aliwasikiliza, kisha akatia lake. "Makabila yenu ni watoto wa juzi. Mimi kabila langu lina jina la mkuyu, mti mzee. Hata nchi nzima inaitwa kwa mlima wetu, na hakuna siku mmesema asante."

"Asante hiyo ugawane na Wakamba," mwalimu akamjibu. "Mzungu alilisikia jina la mlima kutoka kwao. Na tukiwa tunadai asante, mji huu una jina la Kimaasai, la mto wenye mawe. Wilaya nzima ina jina la Kimaasai."

"Na Wamaasai wenyewe wako wapi?" nyanya akauliza.

"Waliondoka, wakaacha jina."

"Basi tuwatumie gunia moja, tusije tukafukuzwa."

Ndivyo nilivyojifunza, kabla ya kusoma kitabu chochote, kwamba jina la watu ni kitu kilichotengenezwa na watu, kwa mikono, kwa sababu fulani, na kwamba unaweza kulishika, ukaligeuza na kulicheka bila kumvunjia mtu heshima.

Mwaka niliokuwa darasa la sita nyanya alianza kukohoa. Jioni moja aliacha kupukuchua, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Mimi msinipeleke Maragoli. Walionijua kule wamekwisha. Nitalala kati ya watu wa kuniuliza jina?"

Hakuna aliyetania. Watu wa magharibi waliofia Eldoret walirudishwa kwao. Kulikuwa na chama cha mazishi kwa kazi hiyo, na nyanya alikuwa mwanachama wake tangu zamani.

Mwalimu alisema, "Nina shamba Cheptiret, Mama. Juu, kando ya boma la ng'ombe, kuna kona kavu. Utalala pale."

"Na wewe?"

"Kando yako. Nani atakubishia, nisipokuwepo?"

Nyanya akacheka, nami nikaona ametulia, kama mtu aliyepata kiti. Ni Mama Duka peke yake aliyeinamisha kichwa. "Mwalimu," alisema, "umewauliza vijana wako?"

Swali lake lilikuwa la haki. Katika nchi yetu kaburi ni shahidi wa ardhi. Aliyemzika wake mahali ana neno la kusema juu ya mahali hapo. Mwalimu alikwenda Cheptiret Jumapili, akarudi kabla ya jua kutua, akaketi bila kugusa chai.

"Wamesema hiyo ni ardhi ya Wakalenjin," alimwambia nyanya. "Nikawaambia, jina hilo mimi nililiona likizaliwa. Wakaniambia nimezeeka."

Wiki iliyofuata ami yangu alifika kutoka Maragoli pamoja na mwenyekiti wa chama. "Mama, Mluhya hazikwi ugenini," alisema. "Watu watatucheka."

"Mluhya ni nani? Mimi nilizaliwa Mmaragoli. Na hapa si ugenini, hapa nimekaa miaka mingi kuliko umri wako."

"Hayo ni ya zamani, Mama."

Nimeishi miaka mingi na majina hayo mawili, Luhya na Kalenjin, na siyalaumu. Yalibuniwa ili kuwakusanya watu ambao awali hawakusalimiana, na kazi hiyo yaliifanya. Ninachokitamani ni ule wakati mfupi yalipokuwa bado mapya, na walioyazidi umri walikuwa hai kuyacheka. Sasa wamekwisha wote. Mama Duka alifunga duka baada ya ghasia za uchaguzi mmoja, akarudi Murang'a, ambako hakuwa amekaa tangu usichana wake. Mahindi hupukuchuliwa kwa mashine. Kijana wa langoni hana mtu wa kumwambia kwamba neno nililomjibu liliwahi kuwa na utoto, na sikuwa na jioni nzima ya kumpa.

Nyanya alifariki mwezi wa nne, mvua za kupanda zilipoanza. Tulimsafirisha Ijumaa, akazikwa Maragoli Jumamosi. Mwalimu alikuja kwa gharama yake, akasimama nyuma ya umati, na hakupewa nafasi ya kusema.