Maji ya Kwanza ya Bati

Nyumba yetu ipo Bweri, na bomba la mtaa hutoa maji siku linapotaka. Mwaka ule kiangazi kilininyoosha. Kila asubuhi nilipanga foleni na madumu mawili, nikirudi mgongo unauma hadi nashindwa kuinama kuwasha jiko. Nilichokitaka ni kimoja tu: mvua ijaze tanki, nipumzike.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kukaa nasi kutoka Nyegina. Kule kwao udaga, yaani muhogo uliovundikwa, huanikwa juu ya mawe makubwa. Kwetu hakuna mawe, kuna mbuzi wa majirani, kwa hiyo akaomba tuanike juu ya bati. Nilipanda ngazi mwenyewe. Jumamosi tukauanua, lakini unga wake ukabaki umeganda huko juu.

Jumapili wingu lilitanda upande wa ziwa. Kabla ya kwenda kanisani nikachomoa bomba linaloingia kwenye tanki. Ndivyo tunavyofanya: mvua ya kwanza inaachwa ioshe bati na kumwagika chini, ndipo bomba linarudishwa. Mama alibaki nyumbani, na sikumwambia. Nilidhani kila mtu anajua, kumbe aliyeishi na ziwa mlangoni tanki angelijulia wapi?

Mvua ilishuka katikati ya mahubiri. Sikusikia tena neno hata moja, na nilikuwa na furaha kweli.

Nilirudi nikakuta bomba limerudishwa, limefungwa kwa kipande cha kanga. Nikafungua koki. Yakatoka maji meupe kama uji mwepesi, yananuka uchachu.

"Mama, nani karudisha bomba?"

"Ni mimi. Yalikuwa yanamwagika bure, mwanangu."

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia kwa ukali kwamba ameniharibia mvua niliyoingoja miezi yote ile. Nguo zake zilikuwa zimelowa chapachapa.

"Mimi nilikuwaga nabeba ya ziwani toka msichana, mpaka leo shingo haigeuki," alisema. "Nakuonaga asubuhi unavyoshika mgongo. Nikasema leo yasipotee."

Hasira ikaisha, uchovu ukabaki. Tuliyamwaga yote kwenye migomba, na wiki ile mvua haikurudi.

Jumatatu nilipoamka, dumu moja halikuwepo. Nilimkuta mama kwenye foleni, amesimama nalo mbele kabisa. Nikamwita. Ilimbidi ageuke mwili mzima ili anione.