Kifundo Kimoja kwa Kila Kijiji

Habari ya kifo chake niliipata sokoni Lushoto nikichagua viazi. Mama muuzaji alidhani nimeshasikia: yule mzee wa upande wa Vuga aliyekuwa akiendesha lori la kijiji amefariki, anazikwa kesho. Nilikwenda kumzika, na tangu nirudi nina hasira. Wasomaji wangu mtanivumilia, maana wiki hii sina neno tamu.

Tulijuana enzi za vijiji vya ujamaa, mimi nikiwa mwalimu mgeni, yeye akiwa dereva na fundi wa lori lililoshusha kabichi na karoti zetu hadi Mombo. Hakuwa mtu mpole. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, alimkamata yeyote aliyepita karibu, akamkalisha kwenye usukani na kumwamuru autikise kulia na kushoto, huku mwenyewe amelala chini ya lori akisikiliza. Mara nyingi aliyekamatwa nilikuwa mimi, na nikitikisa kivivu nilifokewa mbele ya wanafunzi wangu. Alichosikiliza ni vifundo viwili vya chuma, kimoja kila upande, vinavyoshika fimbo ya kuunganisha magurudumu ya mbele. Mafundi huviita tairodi endi. Kikilika hugonga, na kikilika sana huchomoka, kila gurudumu likashika njia yake. Anayezijua kona za kutoka Soni kushuka Mombo, mwamba huku na korongo kule, hahitaji kuelezwa zaidi.

Vifundo vya lori letu vilikuwa vimelika vyote viwili. Vya kijiji jirani, kilichokuwa na lori la aina ileile, vilikuwa hivyohivyo, na dereva wao alikuwa rafiki yake wa tangu utotoni. Vipuri havikupatikana. Tulisubiri hadi tukazoea kusubiri, kisha ikaletwa jozi moja tu, cha kushoto na cha kulia, kwa vijiji vyote viwili. Ukaitishwa mkutano wa pamoja, na mkutano ukaamua kwa furaha kubwa kwamba kila kijiji kichukue kimoja. Watu walipiga makofi. Marehemu akasimama.

"Ndugu mwenyekiti, hivi havigawanywi. Wapeni wenzetu vyote viwili. Lori letu nitaliegesha, wao watabeba mizigo ya vijiji vyote."

"Yaani sisi tukae kuwatazama wenzetu?" mwenyekiti alimuuliza. "Ndugu dereva, penye wengi hapaharibiki neno. Kaa chini."

"Basi tupeni sisi vyote, wao waegeshe!"

Hapo ndipo alipojimaliza. Walisikia ubinafsi tu. Sisi tukapewa cha kushoto, jirani cha kulia. Alikifunga kile kimoja, akatikisiwa usukani, akasikia kile kikuukuu kikigonga, akarudisha funguo ofisini. Aliitwa mgomaji na kibaraka, akapelekwa kuchimba matuta shambani. Rafiki yake alimfuata huko, nami nikiwapo na wanafunzi.

"Mgosi, mbona wagombana na wakubwa? Mie nitaendesha polepole tu."

"Polepole utaanguka vilevile," alimjibu, wala hakuinua kichwa.

Walikuwa bado hawajasemeshana tena wakati kifundo kikuukuu cha kushoto kilipochomoka kwenye kona chini ya Soni. Lori liliingia korongoni, na yule rafiki akafa pamoja na kabichi za watu. Baada ya mazishi, wajumbe wa kijiji chetu walimjia dereva wetu na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa kile kifundo kipya cha kulia, kimefunguliwa kwenye mabaki, kizima kabisa. Wakamwambia sasa kijiji kina jozi, arudi kazini. Alikifunga. Mimi ndiye niliyetikisa usukani asubuhi hiyo.

"Kinagonga?" nilimuuliza.

"Hakigongi," akasema, na akabaki amelala pale chini mpaka nikachelewa darasa. Aliliendesha lori lile hadi lilipochakaa, na habari ya mkutano hakuizungumza tena mbele yangu.

Sasa sikilizeni yaliyosemwa juu ya jeneza lake. Msemaji mmoja, kijana wa enzi zile na sasa mzee mwenye koti zuri, alisimulia jinsi marehemu alivyopokea kifundo kimoja kwa moyo wa kijamaa, akamwachia jirani kingine bila kinyongo. Watu wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Nilitaka kusimama nikamkatiza, lakini nilitanguliwa na bibi kizee aliyekaa mkekani mbele yetu, mjane wa yule dereva mwingine.

"Na mume wangu naye alipata chake," alisema kwa sauti ya kawaida, akajikokota kwenda kukaa karibu na kaburi.

Sikatai kugawana. Nimekula ugali wa watu wale mwaka wa njaa na sitausahau. Lakini chakula ukikigawa nusu kwa nusu, wote wawili wamekula. Usukani ukiugawa nusu kwa nusu, hakuna mwenye usukani. Mtu mmoja aliliona hilo, akalisema akiwa amesimama, tukamkalisha chini kwa makofi. Tungemwacha amalize kusema, mama yule asingeishi na ujane miaka yote hii.