Maneno Meupe ya Bwana Gesi

Mtaani walimwita Bwana Gesi, na hakuchukia. Alijaza mitungi ya oksijeni ya mafundi wa kuchomelea vyuma, na mambo yalimwendea vizuri mpaka alipopata tovuti. Dada yake, aliyemtengenezea, alimwonya: "Kaka, andika unachouza tu. Watu watakupata taratibu."

Taratibu! Bwana Gesi na subira ni paka na panya. Aligundua kwamba wengi mtandaoni hutafuta oksijeni ya wagonjwa, basi akayapachika maneno hayo chini ya ukurasa, rangi nyeupe juu ya nyeupe. Mtu hayaoni, ila mtambo wa kutafuta unayasoma. Haukupita muda duka lake likawa linatokea la kwanza, naye akajiona mjanja kweli kweli.

Asubuhi moja simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, anahema.

"Nyinyi ndio wenye oksijeni ya wagonjwa? Mtungi wa baba umeisha, hapumui vizuri. Tuko njiani!"

"Hapana, dada, sisi ni wa kuchomelea! Nendeni hospitali!"

Simu ilikuwa imeshakatika. Akapiga, haipatikani. Akapiga tena. Akatoka nje mbio. Alisimama barabarani akiogopa kwamba gari halitakuja, na akiogopa zaidi kwamba litakuja.

Likaja. Kiti cha nyuma mzee alikuwa ametoa macho, midomo imebadilika rangi. Bwana Gesi akajitupa kiti cha mbele bila hata salamu. "Geuza! Hospitali, kulia!" Njia nzima aliisikiliza ile pumzi nyuma yake, na kila ilipokawia alifumba macho.

Wauguzi walimpokea mzee, wakamvalisha kinyago cha hewa, kifua kikaanza kutulia. Binti yake akamshika Bwana Gesi mkono huku analia. "Mungu akubariki, kaka yangu. Nitawasifia kwenye tovuti yenu."

"Usinisifie." Bwana Gesi akautazama ule mkono. "Oksijeni ya wagonjwa sijawahi kuwa nayo. Yale maneno niliyaficha mimi, nivute wateja tu."

Binti akauachia mkono. Hakumtukana. Aliuliza tu, polepole: "Na waliokuja kabla yetu, wakaondoka na mitungi?"

Bwana Gesi akaanza kuwahesabu kichwani. Tangu ayaweke maneno yale wateja wageni walikuwa wengi, na yeye hakumuuliza hata mmoja wao mtungi anampelekea nani.