Dakika Ishirini za Baba

Mdogo wangu wa mwisho aliomba nafasi katika chuo cha uuguzi Njombe. Mtihani wa kuingia ulifanywa kwa mtandao, kila mtu kwao, na sisi kwetu ni Makambako. Mlango wa mtihani ungefunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa dakika kumi baadaye; ukichelewa, subiri mwaka mwingine. Siku moja kabla, waombaji walitakiwa kujaribu kuingia. Alijaribu, akakataliwa: saa ya kompyuta yako si sahihi.

"Dada, imenigomea."

Fundi wa nyumba ni mimi. Shule niliachia kidato cha pili, wazazi wetu walipofariki, nikabaki na wadogo watatu. Kompyuta nilijifunzia kwenye kuchapa barua za watu na kadi za harusi. Sebuleni tuna kubwa ya kazi, na ndogo ya mdogo wangu. Kwa kuwa bando la intaneti hutuishia mara kwa mara, nilikuwa nimeipanga ile kubwa iigawie ndogo saa kupitia ruta, kile kisanduku kinachoziunganisha.

Nikarekebisha saa ya ndogo. Muda si mrefu ikarudi ilikokuwa, dakika ishirini mbele. Nikazima ruta, nikawasha. Ikarudi tena. Nikajua ndogo haina kosa, inafuata inachoambiwa. Kosa liko kwenye kubwa. Lakini betri yake ya saa niliibadilisha mwenyewe Jumatatu.

"Ulipoweka betri, saa uliitazama wapi?" mdogo wangu akauliza.

Nikaonyesha ukutani.

Alicheka mpaka akashika meza. "Dada! Umeipa kompyuta saa ya baba!"

Saa ile baba aliiweka mbele dakika ishirini kwa makusudi, tusikose gari la kwanza la Njombe wala ibada ya kwanza. Sote tunajua, ukiitazama, unapunguza kichwani. Jumatatu nilikuwa na haraka, nikaandika nilichokiona. Kompyuta haikulelewa nyumba hii, haijui kupunguza.

Nikaongeza bando, nikaielekeza kubwa ichukue saa mtandaoni. Ndogo ikafuata. Mdogo wangu akajaribu, akaingia. Kisha akapanda kiti, mkono kwenye saa ya ukutani.

"Na hii niirudishe?"

"Shuka."

"Itatuponza tena."

"Nitakuwa nimejifunza. Shuka, utavunja kiti."

Kesho yake kulikuwa na ukungu. Saa ya ukutani iliposema saa tatu, mdogo wangu alikuwa ameshakaa mezani, shuka mabegani. Kwenye kompyuta ilikuwa saa mbili na dakika arobaini. Akamaliza chai yake, akapasha vidole kwenye kikombe, akasali. Saa tatu mlango ukafunguka, jina lake likatokea.

Nikatoka, nikaurudishia mlango wa sebule, nikaketi kizingitini asipite mtu.