Makaburi ya Upande wa Bibi

Dada yangu alifaulu kidato cha sita vizuri mpaka nikaona aibu kuitwa ndugu yake. Chuo kikampokea. Kikabaki kitu kimoja, mkopo, na mkopo unataka mdhamini mwenye kitambulisho cha taifa. Baba tulishamzika, mama ameolewa Kyerwa na mwanamume asiyetaka hata kutusikia. Akabaki bibi. Bibi ana kadi ya ushirika wa kahawa na kadi ya kwaya ya tangu ana meno yote, ila kitambulisho hana. Kila akiomba anaambiwa asubiri.

"Niandikeni mimi," nikasema. "Nina jogoo."

"Jogoo ni wangu," bibi akasema.

Safari hii ombi lake lilijibiwa. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja mwenyewe, akaegemeza baiskeli, akakataa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mwenyekiti wetu hajawahi kukataa rubisi. Hapo nikajua kuna jambo.

"Shikamoo mama. Keshokutwa anakuja afisa wa wilayani kukuhoji. Nisikilize. Usiseme ng'ambo. Umezaliwa Kyerwa, basi, umemaliza."

Ng'ambo ni ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda. Bibi alivuka akiwa bibi harusi, zama ambazo, kwa maneno yake, mto ulikuwa mto tu na mwenye mtumbwi aliuliza nauli peke yake. Hapa Nyabiyonza hakuna asiyejua. Ni jambo linalojulikana na halisemwi, kama mwenyekiti anavyokoroma kanisani. Lakini kuna mzee wa Chonyonyo aliitwa wilayani kwa maswali hayohayo, na kibanja chake sasa migomba imemezwa na magugu. Nilipouliza alikopelekwa nikatumwa maji.

Tukafanya mazoezi. Nikavaa koti la marehemu baba, nikachomeka kalamu sikioni.

"Wewe bibi! Umezaliwa wapi?"

"Kyerwa, afande."

"Nyama gani ukoo wenu hamli?"

"Ya kwako. Haina mafuta."

Nilicheka mpaka koti likanivuka mabega. Dada hakucheka. Alikuwa na simu mkononi, kwenye ule ukurasa wa maombi unaodai namba ya mdhamini na kukataa kwenda mbele.

"Bibi, jibu vizuri."

"Na nikikosea?"

"Usikosee," dada akasema, bila kuinua macho.

Afisa alikuwa kijana, viatu safi, mpole. Ningependa awe mkali. Mkali namjua, nimesoma naye kila darasa. Huyu alimwamkia bibi kwa kuinama, akapokea buni za kutafuna kwa mikono miwili. Akauliza, bibi akajibu. Kyerwa. Kwa wajomba. Ndiyo. Hapana. Alidanganya kwa utulivu hadi nikajua ule utundu wangu nimeurithi wapi. Mwenyekiti aliyemleta akaanza kupumua.

"Naomba unionyeshe makaburi ya familia," afisa akasema.

Tukaingia kibanjani, majani makavu yakilia chini ya miguu. Baba. Babu. Baba yake babu, mawe tu. Afisa alisimama kwa kila mmoja kama mtu anayesoma.

"Hawa ni wa upande wa mume wako. Baba yako wewe amelala wapi?"

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nikamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama mkungu wa ndizi. Kilitakiwa kijiji kimoja tu cha Kyerwa, chochote, vilikuwa vimejaa mdomoni mwangu. Bibi akaligeukia kaburi la baba. Siku tulipomzika baba alituambia: uongo unaokuhusu mwenyewe Mungu atausikiliza, lakini ukisema mzazi wako amelala asipolala, umemfukua.

"Ng'ambo," akasema. "Karibu na kanisa. Udongo niliutupa kwa mkono huu."

Afisa akaandika. Kuandika neno lile kulimchukua muda mrefu kuliko urefu wake.

"Asante kwa ukweli, bibi. Jumatatu uje wilayani." Kisha akamgeukia dada, kwa sauti ya chini: "Aje na sweta."

"Sweta la nini na jua hili?" nikauliza.

"Asubuhi kuna baridi," akasema, na hakunitazama tena.

Jioni ile dada alisema anafuta ombi. Chuo hataki.

"Ukifuta," bibi akamuuliza, "na jina langu litafutika kwa yule afisa?"

Dada akaiweka simu chini.

"Basi usifute. Nisije nikaenda bure."

Jumatatu tulipanda bodaboda mbili hadi wilayani, Kayanga. Njia nzima bibi, aliyekaa nyuma yangu, alinielekeza mambo: kahawa ianuliwe mawingu yakikaa upande gani, mbuzi yupi ana mimba. Nilimwambia jioni atayafanya mwenyewe. Akaendelea kuelekeza.

Kwenye benchi la ofisi akamshika dada mkono. "Nenda stendi, kwa yule mwenye duka la vitenge, wa Tanga. Baba yake alinunua kahawa kwa babu yako. Kitambulisho anacho. Mwambie nimemwomba mimi."

"Nikuache hapa?"

"Nenda, mwanangu. Mimi niko hapahapa."

Dada akasimama, akakaa, akasimama. Alipoondoka bibi akaitwa ndani, na mlango ukafungwa. Nikabaki na benchi. Nilijaribu kutunga mzaha wa kumwambia akitoka. Kila niliotunga uliishia pabaya.

Dada alirudi anahema, namba ameiandika kiganjani kwa kalamu ya dukani. "Amekubali! Hata hakuuliza maswali. Bibi yuko wapi?"

Nikamwonyesha mlango kwa kidevu. Ukafunguka wakati uleule, akatoka yule afisa mpole, peke yake, akauvuta nyuma yake taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Nyumbani kwenu," akauliza, "mtu mzima amebaki nani?"

Dada alikifumba kiganja chake.

"Mimi," akasema.