Chuo Chenye Watu wa Kwetu

Binti yangu Zuhura alipata nafasi ya kusomea uuguzi katika vyuo viwili, kimoja Mwanza, kingine Kibiti. Yeye alitaka Mwanza. Mimi nikashikilia Kibiti, kwa Wandengereko wenzetu, maana zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wiki nzima sikupata usingizi. Siku moja kabla ya muda wa kuthibitisha kwisha, nikamwambia twende tukakione chuo.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Nyamisati kwa bodaboda, tumepakiwa mshikaki, watatu pamoja na dereva. Kufika Mtunda tukashuka, tukavuka tope kwa miguu, viatu mkononi. Zuhura alikuwa amenuna. Tulipofika Bungu tukapata basi.

Saa nne tulikuwa Kibiti. Mlezi wa wanafunzi, mwalimu mcheshi, alitupeleka mabwenini.

"Mwalimu, Wandengereko mnao wangapi hapa?" nilimuuliza.

"Mama, fomu zetu haziulizi kabila."

Basi nikaamua kuwatafuta mwenyewe. Kila binti aliyepita nilimsalimia kwa Kindengereko. Wa kwanza akacheka, akasema yeye katokea Mbeya. Wa pili, wa Moshi, akanijibu "Shikamoo, mama," akaenda zake. Nimemkatalia mtoto Mwanza, kumbe na hapa ni ugenini!

Mmoja tu aliitikia, tena Kindengereko safi. Nikamkumbatia. "Alhamdulillahi! Mwanangu, wewe wa ukoo gani?"

"Mimi Kabula, mama. Sisi Wasukuma, asili yetu Mwanza. Baba alihamia Rufiji na ng'ombe nikiwa mdogo."

"Na lugha yetu umeipatia wapi?"

"Kisimani. Asiyeijua, kina mama walimrudisha nyuma ya foleni. Siku nyingine nilirudi nyumbani na ndoo tupu."

Alisema huku akicheka, kama watani wanavyocheka. Mimi sikuweza. Hata Nyamisati wapo watoto wa wafugaji, na ndoo zao nimezisukuma kwa mguu, zangu zitangulie. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama.

Saa tisa alasiri, stendi, Zuhura aliniuliza, "Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Kathibitishe Mwanza."

"Na Wandengereko wenzetu je?"

"Niache, mwanangu."

Yuko Mwanza sasa. Hofu haijaniisha, ila nimeijua asili yake. Nilijua mtoto mgeni hufanyiwa nini, kwa kuwa mfanyaji nilikuwa mimi. Kila swala namwombea Zuhura akutane huko na wanawake walio bora kuliko mama yake.