Nilimwambia Askari wa Mpakani Kuwa Mama Mkwe Ni Mwanafunzi Wangu wa Udereva

Jumamosi, 7 Februari 2009. Asubuhi ya baridi, ukungu umekaa juu ya mitende mpaka saa mbili, hakuna upepo.

Ndivyo ninavyoanza kila ukurasa wa daftari langu. Leo nimeunakili ukurasa mzima niulete huku jukwaani, kwa sababu daftari halijibu. Admin, naomba jina langu lisionekane. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, naishi Nizwa, nimezaliwa hapa hapa Oman na wazee waliotoka Unguja. Nina watoto watatu. Kazi yangu ni kuwafundisha wanawake kuendesha gari.

Gari langu limesajiliwa la mafunzo. Lina mistari myekundu ubavuni, na upande wa abiria lina breki ya pili, ya mwalimu. Kibali changu kina masharti: kufundisha ni Jumamosi hadi Jumatano, saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ndani ya wilaya yetu tu. Siku za mapumziko, Alhamisi na Ijumaa, naruhusiwa kulitumia kwa shughuli zangu nikivua kibao cha mafunzo kilicho juu ya paa, lakini haliruhusiwi kuvuka mpaka wa nchi bila karatasi maalumu.

Alhamisi saa tatu asubuhi simu ikalia kutoka Al Ain, ng'ambo ya mpaka, Imarati. Dada yake mama mkwe, ndugu pekee aliyembakia, yu mahututi. Mume wangu yuko jangwani kwenye visima vya mafuta na gari la nyumbani kaenda nalo. Nilipoweka simu chini, mama mkwe alikuwa keshavaa abaya na barakoa ya kuficha uso, mkoba mapajani.

"Mama, gari langu haliruhusiwi kuvuka," nikamwambia.

"Nani kakwambia ulivushe? Nifikishe mpakani tu. Mwanawe atakuja kunichukua."

Nikaona ni kweli. Nikavua kibao, nikakitia kwenye buti, tukaondoka. Njia nzima alikuwa akisoma Yasini, na mguu wake ukicheza karibu na ile breki ya pili.

"Mama, toa mguu hapo."

"Nnapumzisha goti, mwanangu. Wewe tazama barabara, usitazame magoti ya watu."

Tulipoukaribia mpaka nikawa natafuta pa kuegesha kabla ya kizuizi. Askari akanyoosha mkono kutuonyesha pa kwenda. Basi. Mama mkwe akashtuka, akaikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likazima katikati ya njia, lori nyuma yetu likapiga honi. Askari akaja, akainama dirishani, akautazama mguu wa mama mkwe uliokuwa bado juu ya breki.

"Gari la mafunzo linafanya nini hapa?" akaniuliza kwa Kiarabu.

Mpaka sasa sijui nini kilinipata. Ulimi ulitangulia. "Namfundisha huyu," nikasema. "Tumebadilishana viti sasa hivi."

Akamgeukia mama mkwe. "Unajifunza tangu lini, hajja?"

"Tangu asubuhi," akajibu.

Askari hakucheka. Aliandika jina langu na namba ya gari, akaniambia Jumatano niende ofisi ya trafiki ya kwetu pamoja na mwanafunzi na leseni yake ya kujifunzia. Jina la mama mkwe hakuliandika, na uso hakuuona kwa ile barakoa. Mpwa wake akaja kumchukua, wakavuka. Mama mkwe alimkuta dada yake hai, akamshika mkono. Ijumaa alfajiri dada huyo akafariki, Mungu amrehemu.

Narudi peke yangu, baada ya kuupita mji wa Ibri ndipo akili ilipokaa sawa. Ningesema kweli nisingekuwa na kosa lolote, kwani sikuwa nimevuka. Kwa uongo wangu nimejitia kwenye makosa matatu: nimefundisha siku ya mapumziko, nimefundisha nje ya wilaya, na mwanafunzi hana leseni. Mawili ya kwanza labda ni faini. La tatu ndilo linalonyang'anya mtu kibali.

Leo asubuhi nilikuwa na mwanafunzi wangu wa kweli, nimwite Z, ana miaka kumi na tisa. Mara mbili nilimfungia breki bila sababu.

"Abla," akaniuliza, kama wanavyomwita mwalimu wa kike huku, "leo nani anafundishwa, mimi au wewe?"

Nikamweleza yote. Hakufikiri hata kidogo. "Khalas, yamekwisha, Abla, sema nilikuwa mimi. Leseni si ninayo? Nitavaa niqabu."

"Askari kamsikia mtu mzima akisema."

"Nitasema nina mafua."

Mtihani wake ni wiki ijayo. Mama yake aliniletea mtoto huyu akaniambia, nakukabidhi. Nami nikamjibu Z neno moja: haya.

Adhuhuri nikampigia mama mkwe msibani. Habari ya Z sikumwambia. Akasema, "Jumatano nitakuwa nimerudi. Nipeleke mie. Nitawaambia mkwe wangu si mwongo, katishika tu."

"Na wakinifungia kazi, Mama?"

"Wakikufungia, mie nitakaa nawe. Kwani ulinipeleka kwa nani, kwa adui? Si kwa dada yangu?"

Tangu hapo simu ikilia naitazama namba kabla ya kuipokea. Naogopa askari atakumbuka ile sauti. Naogopa watatazama kwenye daftari la mpakani nani alivuka saa ile. Zaidi naogopa kumwona Z amesimama mbele ya watu wazima, anajibu maswali ya uongo niliousema mimi.

Ndugu zangu mnaosoma, nisaidieni kabla ya Jumatano. Nimwambie Z abaki kwao, niende na mama mkwe nikakiri, hata kibali nilichokihangaikia miaka kikienda? Au ninyamaze nimwache Z aniokoe, maana nina watoto wa kulisha? Mkinisema vikali nitavumilia, lakini nijibuni.

Nimeongeza Jumapili asubuhi: usingizi ulinichukua saa tisa na dakika kumi usiku. Z bado sijampigia.